Nyumbani Salama, Mhashamu

Jumapili, 4 Novemba 1956

Nimerudi kutoka mpakani, miguu si yangu. Mwanangu Galdric kalala na viatu. Simvui – akiamka, tumekwisha.

Lori la maziwa lilitushusha kwenye kizuizi. Celso alikuwa keshafika, kasimama upande wa Wafaransa, kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mimi na watoto tunaruhusiwa kwenda kwake. Yeye haruhusiwi kuweka hata unyayo huku. Askari wetu nilisoma naye darasa moja. Siku hizi ananiita "mama" na kutazama pembeni.

Dolça akamuuliza baba yake mbona harudi. Celso akasema amekatazwa na Baba Askofu. Mtoto akafikiri – miaka minne tu! – akauliza, "Ulisema uongo?"

"Hapana, mwanangu. Nilisema kweli, tena kwa sauti."

Ndivyo ilivyokuwa. Ukuta wa bwawa uliporomoka mwezi wa tisa, ukamuua mfanyakazi mwenzake Celso. Waliobaki wakakataa kushuka shimoni mpaka nguzo zibadilishwe. Wakataka mtu wa kuwasemea, Celso akasema. Juma halijaisha, amri: wageni wote waliogoma watoke Mabondeni, nchini kwetu. Padri Eudald aliisoma mlangoni pa kanisa baada ya misa. Chini, jina la Askofu. Si kama askofu, bali kama mkuu wa nchi. Tuna wakuu wawili sisi, ila yule wa pili, rais wa Wafaransa, hata hajui kama tuko hai. Anayetutawala hasa ni Askofu.

Kusini, upande wa Madridi, Celso hawezi kwenda, anatafutwa huko tangu vita. Basi kaenda kaskazini, anazoa theluji relini, analala bandani na wanaume wenzake. Anasema, njooni. Theluji ikifunga njia ya mlimani hatutaonana mpaka Pasaka. Nikamwambia aniache nijaribu kwanza kwa Askofu.

Alicheka vibaya. "Engràcia! Si ndiye aliyenifukuza?"

Ndiye. Na ndiye aliyetuozesha pia. Celso hakuwa na cheti cha ubatizo, kibali cha ndoa yetu kilitoka kwake. Mkono ule ule.


Jumanne, 6 Novemba

Nguo zimeganda kwenye kamba. Suruali ya Celso imesimama yenyewe uani kama mtu. Dolça akaiamkia.

Majogoo nao. Mwaka huu ni zamu ya nyumba yetu kulea majogoo maksai wa Askofu. Mabonde yote yanampelekea kila mwaka wa pili – mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa, jibini, na majogoo waliohasiwa, wazima, wamefungwa utepe miguuni. Zamani sana walikubaliana hivyo na bado tunalipa, kama vile waliokubali ni sisi.

Kuhasi ni kazi ya wanawake hapa. Mama alinifundisha: kisu kidogo, uzi, majivu, na mkono usitetemeke. Nilifanya mwezi wa sita, mtoto analia kikapuni, usiku wote sijalala. Na leo nimeona. Mmoja nilimkosea. Kilemba kimekuwa chekundu, kifua kinatunishwa, anawatazama kuku kama mwenye mali. Huyu si maksai. Huyu kesho kutwa atawika!

Nimemfunga uzi mwekundu mguuni, nimemtenga. Hakuna neno, tunaye mmoja wa ziada, yule mnono kuliko wote.

Nikamwambia kaka Bonifaci asije akamchukua mwenye uzi mwekundu. "Sawa, dada." Hata uso hakuuinua kwenye sahani.


Jumapili, 11 Novemba

Sikwenda mpakani, tulichinja nguruwe. Mikono inanuka vitunguu na damu. Nimejaza utumbo siku nzima, Galdric mgongoni.

Bibi Sabina, jirani, alikuja kusaidia. Ana miaka themanini na ulimi wa mtu wa ishirini. Akaketi na bakuli lake la kabichi na viazi vya kuponda, akaanza.

"Kwa hiyo wewe mwanamke, unamlishia mwanamume asiye na mke majogoo wasio na kitu. Naye kwa shukrani anakunyang'anya mume. Au nimekosea?"

Bonifaci akafoka, "Bibi! Ni Baba Askofu huyo!"

"Kwani nimemtaja? Nimesema mwanamume."

Tulicheka mpaka nikaumwa mbavu. Halafu nikalia. Moshi, nikasema. Bibi Sabina hakudanganyika. Akanisogelea, akanikumbusha la majogoo. Siku ya kupeleka, mwenye nyumba akishakabidhi, Askofu humuuliza mbele ya watu wote: Nyumbani salama? Na mwenye nyumba hujibu: Salama, Mhashamu. Tangu babu za babu zetu. Hakuna aliyewahi kujibu vingine.

"Lakini ni swali," bibi akasema. "Swali si lina majibu mawili?"

Sijaacha kulifikiria.


Jumatano, 14 Novemba

Kwa Padri Eudald. Nilimpelekea soseji. Akashukuru, akaziweka juu ya kabati, mbali na paka. Nikamwomba aniombee kwa Askofu. Akasugua magoti. Hili si la kanisa, mwanangu. Hili ni la serikali, mimi ni wa altare.

Nikamuuliza, mbona amri uliisoma wewe?

Akasema Mhashamu atakuja Jumapili kutoa kipaimara, nijaribu bahati yangu. Akanipa peremende za watoto. Nimezila mwenyewe njiani, zote.


Jumapili, 18 Novemba

Kaja. Gari jeusi, matope mpaka madirishani. Nilidhani ni mtu mkubwa. Ni mfupi, ana kikohozi, na kiatu kimoja kilikuwa kimefunguka kamba. Mkuu wa nchi! Nilitaka kuinama nimfungie.

Nilisubiri nje, kwenye mstari wa kubusu pete. Nilikuwa nimejifunza maneno. Ilipofika zamu yangu mkono wake ulikuwa baridi kama wa maiti na maneno yote yakaruka. Nikasema tu, "Mhashamu, mume wangu. Yule wa bwawani. Mrudishe."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alimgusa Galdric shavuni, akauliza ana miezi mingapi, akasema kifua hicho kifunikwe vizuri. Kisha, kwa upole kabisa:

"Leo nimekuja kama mchungaji, binti yangu. Mambo ya utawala yana siku yake na mahali pake."

"Siku gani, Mhashamu?"

Lakini katibu wake, padri mrefu mwenye miwani, alikuwa keshaniwekea kiganja begani. Sogea, mama, wengine wanangoja.

Kwa hiyo aliyenifukuzia mume hakuja leo. Alikuja mwingine, mwenye mkono ule ule. Na yule wa kwanza anapatikana lini? Wapi? Nimuulize nani?

Galdric anakohoa. Nimemfunika.


Jumanne, 20 Novemba

Nimezungumza na Bonifaci. Mimi siwezi kupeleka majogoo, mwanamke hasimami mbele ya mkuu. Mume wangu, hata angekuwepo, ni mgeni. Ni yeye, mwenye nyumba. Nikamwambia: Askofu akikuuliza nyumbani salama, usijibu salama. Sema, si salama, Mhashamu, shemeji yangu amefukuzwa, dada yangu kabaki na watoto wawili. Basi. Sitaki hotuba.

Akachezea kisu. Unajua nataka kibali cha kuongeza shamba la tumbaku, dada. Unajua nani anakitoa.

Najua. Na unajua nani alikubebea marobota ya tumbaku mlimani, yako na yake, mwaka ule ulipovunjika mguu? Celso hakuuliza kibali.

Ramona mkewe akaacha kukoroga sufuria. Mwishowe kaka akasema, "Haya. Nitasema."

"Apa."

"Engràcia, mimi si mtoto."

"Apa, kaka."

Akaapa, kwa mama yetu.


Jumapili, 25 Novemba

Mpakani. Theluji mpaka magotini pembeni mwa njia, dereva anasema safari zimebaki chache. Celso amekonda. Mikono imepasuka, nikampaka mafuta ya nguruwe kidole kimoja kimoja, askari wa pande zote mbili wakitutazama. Watazame.

Nikamweleza habari ya Bonifaci na swali. Akatikisa kichwa. Bonifaci? Huyo akikanyagwa mguu anaomba radhi! Halafu akaniambia ameona chumba, juu ya duka la mkate. Kidogo, lakini kina jiko. Mwenye duka atamwekea mpaka Jumapili ya tarehe tisa.

Sikujibu haraka, akaumia, nikaona. Si kwamba simtaki. Mungu wangu! Usiku nalala na koti lake. Lakini mwanamke wa Mabondeni akimfuata mgeni, jina lake linafutwa huku. Mimi si wa hapa tena, na kule si wa kule. Watoto hawana pa kusema ni kwao. Na zaidi ya yote – hatukukosa. Mtu kafa kwa nguzo mbovu, Celso kasema nguzo ni mbovu. Kwa nini mimi niondoke mlango wa nyuma kama mwizi?

Nilimwambia hivyo hivyo. Akanitazama sana. "Basi mwambie Askofu hivyo," akasema. "Mimi nakujua."


Ijumaa, 30 Novemba

Siku yenyewe. Walishuka kwa Askofu na basi la asubuhi, wenye nyumba wote, suti nyeusi, matenga yanapiga kelele juu ya basi. Jana usiku nilizifunga tepe mwenyewe. Majogoo niliwapaka mafuta miguuni wang'ae. Bonifaci nilimnyoosha kola. Akasema usihangaike, dada.

Kutwa nzima sikushika kitu kikashikika. Nimeunguza maziwa. Nimempiga Dolça kofi kwa kosa dogo, nimemwomba msamaha, yeye akanifariji mimi. Kibaya zaidi ya kofi.

Wamerudi jioni wanaimba. Nilijua walipokuwa bado kwenye daraja. Mtu aliyesema neno zito harudi anaimba.

"Akauliza?"

"Akauliza."

"Ukajibu nini?"

Alivua kofia, akaivaa, akaivua. "Watu wote wananitazama, Engràcia. Yule katibu kasimama hapa. Askofu akauliza, mdomo ukajibu wenyewe."

"Ukajibu nini?"

"Salama, Mhashamu."

Ramona akageuka ukutani. Mimi nikamwekea kaka yangu chakula, nikakata mkate, nikaweka chumvi karibu yake. Sikumwaga. Sikupiga kelele. Nikaenda bandani.

Na bandani – yule mnono yupo! Yule wa ziada, kakaa kwenye nyasi kama kadinali. Mwenye uzi mwekundu hayupo. Bonifaci alibadilisha alfajiri, na utepe akauhamisha. Mnono kamweka kwa ajili ya sufuria yake ya Krismasi. Kampelekea Askofu jogoo.

Nilikaa na yule maksai mapajani mpaka nikapata baridi. Wa kumcheka nani? Sijui.


Jumapili, 2 Desemba

Lori halikupanda. Theluji. Hakuna mpakani.

Anasimama pale sasa hivi, na kofia yake.


Jumanne, 4 Desemba

Amewika!

Padri Eudald kaja mbio, joho kalishika mkononi, uso haujui ulie au ucheke. Katibu wa Askofu kapiga simu ofisini kwa baraza la Mabonde. Jumapili, Askofu akiwa kwenye kanisa lake dogo la ndani na wageni kutoka Madridi, jogoo kawika uani. Halafu tena. Wakadhani ni wa jirani. Wakaenda kutazama: maksai wa Mabondeni, na utepe wake, juu ya kuku wa masista!

Mgeni mmoja kasema Mabonde yamempelekea Askofu salamu. Mezani walicheka. Askofu hakucheka.

Kule wameona ni dhihaka. Tumemfanyia mzaha mtu asiyeoa. Baraza linatetemeka. Nyumba ya Terrer, yaani sisi, imlete maksai wa kweli kabla ya sikukuu ya Bikira, na mwenye nyumba aombe radhi kwa mdomo wake.

Bonifaci kapanda kitandani. Kweli! Kajifunika blanketi mpaka pua, anasema ana homa. Nimemgusa paji la uso. Baridi kama jiwe la kinu.

"Mwenye nyumba ni wewe," nikamwambia.

"Naumwa."

"Basi nitaenda mimi."

"Mwanamke hapokelewi."

"Jogoo alipokelewa."

Bibi Sabina alikuwa mlangoni, kicheko chake wamekisikia mpaka kijiji cha chini. Lakini baadaye, tukiwa wawili, alinishika kidevu. Nenda, mwanangu. Ila usiende kuwachekesha. Wakicheka, watakupa mkate na kukurudisha.


Alhamisi, 6 Desemba

Dereva wa lori anasema atajaribu kupanda Jumapili, mara ya mwisho mpaka Pasaka. Jumapili ni tarehe tisa. Chumba cha juu ya duka la mkate.

Nimekunja nguo za watoto. Sikuzitia kwenye mfuko. Nimezikunja tu, zipo juu ya sanduku. Dolça aliuliza tunakwenda wapi. Nikasema bado sijaambiwa. Akasema, "Nani anasema, mama? Si wewe?"

Nimemsuka kwa nguvu mno, akalia.


Ijumaa, 7 Desemba

Naandika kwenye ukumbi wa Askofu, kwa penseli, maksai kwenye kikapu kati ya miguu yangu. Watoto wapo kwa Bibi Sabina. Ndiyo, nimemchukua yule mnono. Krismasi Bonifaci atakula kabichi.

Kuna milango miwili. Sikujua. Niligonga wa kwanza, wenye msalaba juu. Sista akatazama kikapu, akauliza shida yangu. Nikasema mume wangu amefukuzwa nchini. Hilo ni la utawala, mama, nenda mlango wa pili, wenye ngao. Nikaenda wenye ngao. Karani mwenye kalamu sikioni. Shida? Nikasema ndoa yangu imetenganishwa. Ah, ndoa ni ya kanisa, mama, mlango wenye msalaba. Nilizunguka uani kutoka huu hadi ule na kuku mkononi, theluji inanyesha, masista wanachungulia. Nyuma ya milango yote miwili, ukumbi ni mmoja! Niliuona. Jiko moja la kuni linapasha pande zote. Mhashamu kwa mlango huu, Mtukufu kwa mlango ule, naye kakaa katikati na kikohozi chake.

Mwishowe nikasema nimeleta jogoo. Mlango ukafunguka.

Katibu mwenye miwani amenifundisha. Kwanza nipige goti. Pili nikabidhi. Tatu niombe radhi kwa niaba ya nyumba ya Terrer. Kisha atakuuliza nyumbani salama, nawe utajibu nini, mama?

Nikasema, namsikiliza kwanza akiuliza.

Akavua miwani, akaifuta. Utajibu salama. Hujaja kuzungumza, umekuja kukabidhi.

Nikauliza yule jogoo yuko wapi. Akasema kachinjwa Jumapili ile ile. Masikini. Hakufanya kosa, aliwika tu, ndivyo alivyoumbwa. Kosa ni la mkono wangu na tamaa ya kaka yangu, kalipia yeye.

Nimepanga maneno, safari hii yasiruke. Hayazidi mstari. Sitalia. Wakicheka, nitangoja wamalize, niyarudie. Nguo za watoto zimekunjwa. Akinikubalia, Celso atashuka Jumapili na lori. Akinikatalia, tutapanda sisi nalo, mchana, mlango wa mbele, watu wote wakitazama, na jina langu walifute wao kwa mkono wao. Lakini kwanza asikie. Awe Mhashamu, awe Mtukufu, masikio ana mawili tu.

Maksai ametulia. Nimemfungua utepe kidogo, ulikuwa unamkaza.

Kikohozi ndani. Kiti kimesogezwa. Mlango unafunguliwa, katibu anasoma kwenye karatasi, kwa sauti, ukumbi mzima usikie:

"Bonifaci, mwenye nyumba ya Terrer!"

Hakuna mwanamume humu anayesimama. Wanatazamana. Anaita tena.

Nasimama mimi, kikapu mkononi.